Maswali ya Wasomaji: Histamini inafanya nini kwenye seli za titi?

Swali: *Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Tangu nianze masomo nimezoea kuisikia histamini ikitajwa penye mafua ya mzio, vipele na mwasho tu. Juzi mwalimu wetu aligusia kwamba hata seli za titi la binadamu zina vipokezi vyake, na kwamba vipokezi hivyo vinaweza kuichochea seli igawanyike au kuizuia isigawanyike. Kitu kimoja kinawezaje kufanya kazi mbili zinazopingana?*

Jibu: Umeuliza penyewe hasa, kwa maana jibu haliko kwenye histamini bali kwenye kipokezi kinachoinasa. Histamini ni molekuli ndogo sana, ambayo mwili huitengeneza kutokana na asidi amino iitwayo histidini, kwa kazi ya kimeng'enya kimoja, histidini dekaboksilesi. Kwenye titi hutoka zaidi kwa seli masti, zile seli za kinga zilizosheheni chembechembe zake, lakini baadhi ya seli za uvimbe wa titi nazo zina kimeng'enya hicho, kwa hiyo zinaweza kujitengenezea histamini yao wenyewe.

Vipokezi vyake ni vinne, H1 hadi H4, na hicho cha nne kilitambuliwa mwaka 2000. Kila kimoja ni protini iliyopenya utando wa seli mara saba, upande wake wa nje ukiipokea histamini na upande wa ndani ukishikana na protini G, tarishi inayoupokea ujumbe na kuupeleka mbele ndani ya seli. Hapo kwenye protini G ndipo njia zinapoachana. H1 huamsha fosfolipesi C, kimeng'enya kinachokata mafuta fulani ya utando na kuachia inositoli trifosfeti, nayo hufungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. H2 hupandisha kiasi cha AMP ya mviringo, mjumbe wa ndani anayewasha vimeng'enya vingine, ilhali H3 na H4 hukishusha kiasi hicho hicho.

Jambo hili huonekana kwa macho. Seli zenye H1 zikishapewa rangi inayong'aa inapokutana na kalsiamu, zikawekwa chini ya hadubini, kisha zikadondoshewa histamini, mwanga hupanda ghafla ndani ya sekunde chache, seli moja ikitangulia na jirani yake ikifuatia, halafu hufifia polepole kadiri kalsiamu inavyorudishwa ghalani. Seli yenye H2 peke yake haitawaka hivyo, ingawa imedondoshewa histamini ile ile.

Sasa turudi kwenye titi. Ukoo wa seli (yaani seli za asili moja zinazozalishwa maabara kizazi hata kizazi) uitwao MDA-MB-231, uliotokana na saratani ya titi isiyo na vipokezi vya estrojeni, umeonyesha wazi hali unayoiulizia: histamini kidogo huzichochea seli hizo, na histamini nyingi huzipunguzia kasi ya kuongezeka. Sehemu ya maelezo ni kwamba H3 na H4 huinasa histamini hata ikiwa kidogo mno, wakati H1 na H2 huhitaji nyingi zaidi. Katika seli hizo hizo H3 imeonekana kusukuma ukuaji, na H4 kuupiga breki na hata kuipeleka seli kwenye kifo chake cha mpango, yaani kujiua yenyewe kwa utaratibu.

Utaniuliza, na ni haki yako, inakuwaje H3 na H4 zinazoshusha AMP ya mviringo kwa namna moja zitofautiane hivyo. Ni kwa sababu protini G si njia pekee. Kipokezi kilichoamshwa huvuta pia protini ziitwazo arrestini, na kinaweza kuwasha mlolongo wa vimeng'enya vya MAPK, ambao huisukuma seli igawanyike au isimame, kutegemea umewashwa kwa muda gani na seli yenyewe ni ya aina gani.

Neno "seli za titi" nalo lataka uangalifu. Ukoo wa HBL-100, ambao kwa miaka mingi ulitumiwa kuwakilisha titi lisilo na ugonjwa, hata katika utafiti wa vipokezi vya histamini, ulisemekana kutoka kwenye maziwa ya mwanamke. Baadaye ulikutwa una vinasaba vya SV40, kirusi cha nyani, tena una kromosomu Y, ambayo ni ya mwanamume. Ukikuta makala inayolinganisha "seli za kawaida" na seli za saratani, kwanza tazama ni ukoo upi, ndipo uyapime matokeo.

Swali: *Mhariri mpendwa, nina mzio na kila mara hutumia vidonge vya kuuzuia. Nikisoma kwamba titi lina vipokezi vya histamini naingiwa na hofu. Je, niviache?*

Jibu: Dada yangu, usiviache kwa sababu hiyo. Vidonge vya mzio kama loratadini na setirizini hukishika kipokezi cha H1 na kukituliza. Havikulengwa kwa H3 wala H4 niliyoyaeleza hapo juu. Tena uchunguzi uliofanywa nchini Sweden kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa uliona kwamba wanawake wenye saratani ya titi waliotumia desloratadini au loratadini waliishi muda mrefu zaidi kuliko wasiotumia. Kumbukumbu pekee haziwezi kuthibitisha kwamba kidonge ndicho kilichowasaidia, kwa hiyo si sababu ya kukimeza kama dawa ya saratani. Mweleze daktari wako unatumia nini na kwa muda gani, na ukigusa uvimbe mgeni kwenye titi nenda ukapimwe, uwe unatumia vidonge au hutumii.

Swali: *Kaka yangu alitumia simetidini kwa vidonda vya tumbo, matiti yake yakaanza kuvimba na kuuma. Je, ni hivyo vipokezi vya H2 vya kwenye titi?*

Jibu: Simetidini kweli huziba H2, na ndivyo inavyopunguza asidi ya tumbo, lakini titi kuvimba ni habari nyingine. Molekuli yake hukalia pia kipokezi cha homoni za kiume, na hupunguza kasi ya ini kuvunja estradioli, homoni ya kike, hivyo mizani ya homoni huelemea upande wa kike. Famotidini huziba H2 kwa nguvu zaidi, lakini haikikalii kipokezi cha homoni za kiume, na uvimbe wa namna hii ni nadra kwa wanaoitumia. Kwa kawaida titi hunywea dawa ikibadilishwa, na anayeibadilisha awe daktari. Asisubiri, hata hivyo, kama uvimbe ni mgumu, uko upande mmoja, au chuchu inatoa damu, kwa kuwa saratani ya titi huwapata wanaume pia. Akapimwe wiki hii hii.