Maswali na majibu: Prosesa nyingi hukubalianaje juu ya kilichotangulia?

Kompyuta yangu ina prosesa nane ndani ya chipu moja. Je, badiliko linalofanywa na moja huonekana na nyingine papo hapo?

Hapana. Kwa kasi ya gigahatsi 3, pigo moja la saa huchukua theluthi ya nanosekunde, muda ambao hata mwanga hausafiri zaidi ya sentimita 10, na ishara ndani ya chipu huenda polepole kuliko mwanga. Isitoshe, kila prosesa ina kache yake (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu nayo), na thamani mpya huweza kukaa kwanza katika foleni ya uandishi ya prosesa iliyoiandika kabla ya wenzake kuiona. Kwa hiyo tusitafute wakati mmoja unaozihusu prosesa zote. Tutafute mpangilio, yaani tendo lipi lilitangulia lipi. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978, akizungumzia kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao, kwamba mpangilio huo unaweza kujengwa bila saa ya pamoja.

Katika programu yangu, uzi mmoja (mfululizo wa amri unaoendeshwa sambamba na mingine) huandika data kisha huinua bendera, yaani kigeu kinachoashiria kwamba data iko tayari. Uzi wa pili husubiri bendera ndipo usome data. Kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel inafanya kazi, lakini kwenye simu yenye prosesa ya ARM wakati mwingine husoma data ya zamani. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye programu, si kwenye simu. Prosesa za Intel huonyesha maandishi ya kila prosesa kwa utaratibu yalivyoandikwa, ilhali ARM inaruhusiwa kuitanguliza bendera mbele ya data, na upande wa msomaji data inaweza kusomwa kabla ya bendera. Hata kwenye Intel huna dhamana, kwa sababu kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako kuwa amri za prosesa) nayo ina ruhusa ya kupanga upya amri zako. Tangu mwaka 2011, lugha za C na C++ zina vigeu vya atomiki, yaani vinavyoandikwa na kusomwa kwa tendo lisilogawanyika: bendera iandikwe kwa namna inayoachilia yote yaliyotangulia, na isomwe kwa namna inayoyapokea. Ninawasihi wanaoandika programu za aina hii wasiongeze usingizi wa milisekunde chache kati ya hatua hizo mbili, kwani kufanya hivyo hupunguza tu uwezekano wa kosa kuonekana wakati wa majaribio, na kosa lenyewe hulibakiza kwa mtumiaji.

Kuna hali ambapo prosesa zote ni lazima zibadilike kwa pamoja?

Zipo, ingawa ni chache. Rejista (hifadhi ndogo zilizo ndani ya prosesa) zinazoeleza jinsi maeneo ya kumbukumbu yanavyoingia kwenye kache lazima zifanane kwa prosesa zote. Prosesa moja huzitumia nyingine ishara ya kukatiza, yaani ya kuzitaka ziache kwa muda zinachofanya. Kila moja huacha kazi yake, hujihesabu kuwa imefika na kungoja. Ya mwisho ikifika, zote hufanya badiliko, kisha husubiriana tena kabla ya kuendelea. Gharama yake ni kubwa, kwa maana prosesa moja ikichelewa huzikwamisha zote, ndiyo maana njia hii haifai kwa mabadiliko yanayotokea mara maelfu kwa sekunde.

Basi kwa mabadiliko ya mara kwa mara tutumie kufuli?

Kufuli, yaani njia ya kumruhusu mmoja tu kwa wakati huku wengine wakingoja, hufaa pale waandishi wanapokuwa wengi. Pale wasomaji wanapokuwa wengi na waandishi wachache, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux imekuwa ikitumia tangu mwaka 2002 mbinu inayoitwa RCU (read-copy-update, yaani soma, nakili, sasisha), ambayo naiona kuwa bora zaidi katika fani hii. Mwandishi hutengeneza nakala mpya, huielekeza anwani kwenye nakala hiyo kwa tendo moja lisilogawanyika, kisha husubiri hadi kila msomaji aliyekwisha kuanza kusoma amalize ndipo aifute ile ya zamani. Kwa kitambo kifupi baadhi ya wasomaji huona hali ya zamani na wengine mpya, lakini hakuna anayeona mchanganyiko wa hizo mbili, na hakuna anayesimamishwa.