Muulize Rubani: Flapsi zote, nusu, au usiguse kabisa?

SWALI: Habari kapteni. Mimi najifunza kurusha ndege hapa Wilson Nairobi, nina masaa 31 kwenye Cessna 172. Instrakta wangu wa kwanza alikua ananiambia kutua ni flapsi zote digrii 30 kila siku, wa sasa leo anasema weka 20, kesho anasema upepo huo weka 10, nikimuuliza kwanini ananijibu utazoea tu. Halafu kila nikishusha flapsi ndege inaninyanyua kama lifti, najikuta niko juu mno. Nimshike nani?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Wote wawili wako sawa, ila huyo wa "utazoea tu" anakudai maelezo, kwahiyo ngoja nimlipie mimi.

Flapsi ni kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoinama chini, ukikishusha bawa linabeba zaidi kwa spidi ndogo, na hapohapo linashika upepo zaidi, yani ndege inakua nzito kusukuma. Zile digrii 10 za kwanza zinakupa ubebaji mwingi kwa gharama ndogo, zile za mwisho kutoka 20 kwenda 30 ni breki ya hewani zaidi kuliko kitu kingine, na breki hiyo unaitaka, maana ndiyo inakuruhusu kushuka mteremko mkali bila spidi kupanda, pua inakaa chini na unaiona ranwei yote mbele yako badala ya kuangalia mbingu. Angalia saa ya spidi utaona upinde mweupe, ule ni wa flapsi. Kwa 172S, yani 172 toleo la S, upinde unaishia juu kwenye noti 85 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), flapsi zikishapita digrii 10 usizidi spidi hiyo (digrii 10 zenyewe unaruhusiwa kuanzia noti 110 kushuka chini), na chini unaanzia noti 40, ndipo ndege inapoacha kubeba flapsi zote zikiwa chini. Bila flapsi inaacha kubeba kwenye 48. Noti 8 tu unasema, lakini kwenye kutua hizo 8 ni mita nyingi za lami. Kitabu cha ndege hiyohiyo kinasema ukitua bila flapsi kwenye kiwanja kifupi ongeza noti 9 kwenye spidi ya kushukia na hesabu umbali mrefu zaidi kwa asilimia 35.

Sasa hiyo lifti yako. Unashusha flapsi, bawa linabeba zaidi ghafla wakati spidi bado ni ileile, lazima ndege ipande, na Cessna pua yake inanyanyuka nayo. Sio kosa la ndege, ni wewe unaisubiri ipande ndio uanze kuirudisha. Mkono ukienda kwenye kile kikono cheupe cha flapsi, mkono wa pili uwe tayari unasukuma usukani mbele kidogo, shikilia pua palepale ilipokua, spidi itashuka yenyewe, ndio utrimu, yani uzungushe gurudumu la trimu mpaka usukani usikuvute tena. Na usishushe ukiwa katikati ya kona ya kuingia fainali, ule mstari wa mwisho wa kunyooka na ranwei, maliza kona kwanza, mabawa yakae sawa. Flapsi ya upande mmoja ikikwama kwenye kona chini chini hivyo, huna nafasi ya kufikiria.

Upepo je? Upepo wa ubavuni ukiwa mkali kitabu kinakwambia tumia flapsi kidogo kadri urefu wa ranwei unavyokuruhusu, basi instrakta wako wa pili hana ubaya. Wilson ina karibu kilomita moja na nusu za lami, 172 yako haina shida ya nafasi, weka 10 au 20 uwe na usukani unaokusikiliza. Lakini twende kule pwani kusi ikivuma, uingie kiwanja kifupi cha murram chenye miti mwanzoni, upepo ukikuangalia usoni, hapo weka 30 zote na usione aibu. Mimi binafsi siku ya kawaida naweka 30, kwasababu tairi na breki ni hela yangu.

Kitu kimoja cha Nairobi. Wilson iko futi 5,500 na kidogo juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Saa ya spidi ikikuonyesha noti 65 ukweli unaenda kama 72 hivi, siku ya jua zaidi. Usiongeze spidi kwenye saa eti kwakua uko juu, namba za saa ni zilezile za Mombasa, ila ranwei itapita chini yako haraka zaidi na utabiringika mbali zaidi. Wengi wanahisi wanakimbia wakavuta pua juu, ndio hapo mambo yanaharibika.

Lakini hatari kubwa sio kushusha flapsi, ni kupandisha. Mimi nilijifunza hilo kwenye kiwanja kimoja cha Mara, futi 5,000 na ushee, bado mwanafunzi kama wewe. Niko na flapsi zote, chini kabisa, pundamilia mmoja akaamua kuvuka ranwei, mwenzake akamfuata. Nikapiga throto, yani kikono cha nguvu ya injini, mpaka mwisho, vizuri, halafu mkono wangu kwa haraka ukarudisha kikono cha flapsi juu mpaka sifuri mara moja. Ndege ikakaa. Sio kupanda, ikakaa, kama mtu kavuta kiti chini yangu, nikaona vichwa vya majani. Mkono wa instrakta ulikua umeshapiga kile kikono kurudi 20 kabla sijajua nini kimetokea, na hatukuongea mpaka tulipotulia futi 1,000 juu. Akaniambia, "Wewe umetupa bawa." Kwa hiyo 172S ni hivi: throto yote, flapsi mpaka 20 hapohapo maana zile 10 za mwisho ni breki tu, shika noti 60, kisha flapsi 10 mpaka uvuke vizuizi, halafu sifuri ukishakua juu salama na una noti 65. Jizoeze ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi kwanza, na useme kwa mdomo kila hatua.

SWALI: Kapteni, nilipanda ndege ndogo ya abiria kwenda Serengeti, nikakaa dirishani. Tulipokaribia kutua nikasikia mlio mmm kisha nyuma ya bawa ikachomoka na kuning'inia, nikaona upenyo mpaka chini! Nikamgusa rubani begani akacheka tu. Je ilikua imeharibika?

JIBU: Hapana mama, hizo ndizo flapsi zenyewe, na mlio ni mota ya umeme inayozisukuma. Ule upenyo umewekwa makusudi, hewa ya chini ya bawa inapita pale ikaenda juu ya flapsi ili hewa ya juu isiachane na flapsi. Ingekua mbaya ni kama upande mmoja ungeshuka na mwingine ukabaki, hapo ndege ingeanza kulala ubavu na rubani asingecheka. Ila siku nyingine usimguse begani akiwa anatua, mwambie mkishasimama.