Expressway bila vibanda: kamera zitatosha?

Swali: Habari mhandisi. Karibu kila asubuhi naingia Nairobi Expressway pale Mlolongo na kutokea Westlands. Foleni ya wanaolipa keshi inanila muda wote niliookoa huko juu. Kwa nini vibanda vya kulipia visiondolewe, kamera isome nambari ya gari na bili ije kwa simu? Si teknolojia ipo?

Jibu: Ipo, tena ya siku nyingi. Barabara ya 407 kule Toronto haina vibanda tangu ifunguliwe mwaka 1997: mwenye kifaa cha redio kwenye kioo husomwa na mitambo, asiye nacho hupigwa picha ya nambari na kuletewa bili. Stockholm nao walijaribu vifaa vya redio pamoja na kamera mwaka 2006, baadaye wakabaki na kamera.

Tuanze na picha. Gari la kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Kamera ikifungua jicho kwa 1/100 ya sekunde, gari limeshasogea sentimita 28 na herufi zimepakaa. Kwa hiyo jicho hufunguliwa kwa chini ya 1/1000, na mwanga unaokosekana huletwa na taa za infraredi ambazo dereva hazioni.

Baada ya hapo programu husoma alama moja moja. Muundo wetu wa herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja unasaidia sana: mahali pa nne pakisomeka O, programu huweka sifuri bila kuuliza mtu. Ila D ikisomwa B, hakuna kanuni ya kuiokoa. Sasa piga hesabu. Hata kila alama ikisomwa sawasawa mara 99 kwa 100, alama ni saba, kwa hiyo nambari nzima hutoka sahihi mara 93 tu. Katika magari 10,000, kama 680 yatasomwa nambari isiyo yao, na nyingi kati ya hizo ni za magari ya watu wengine: mtu yuko kwake Kitale, Expressway hajawahi kuiona, bili inamfikia.

Dawa ni kupiga picha mbele na nyuma, kulinganisha aina na rangi ya gari na rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kisha zenye shaka zikaguliwe na binadamu. Na mtu asisahau malori: trela ina nambari yake inayoanza na Z, hailingani na ya kichwa. Mfumo unaodai mbele na nyuma zifanane utakataa kila trela.

Lakini shida kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye logibuku, yaani hati ya mwenye gari. Gari limeuzwa, jina halijabadilishwa, bili inamwendea aliyeuza. Lililoingia kupitia Namanga na nambari ya Tanzania, utampelekea nani?

Ningeulizwa mimi, ningeanza na wanaojiandikisha wenyewe: nambari yako, simu yako, pesa umeweka mbele. Kamera ikikutambua, unapita. Wengine waachiwe kibanda kimoja au viwili hadi rekodi zinyooke.

Wewe unayepita karibu kila siku, usingoje hayo. Chukua kile kifaa cha kubandika kwenye kioo, uondoke leni ya keshi.