Pesa Kuingia Si Ankara Kulipwa

Wadogo zangu wa dawati la malipo, mwezi umefungwa na kosa ni lilelile: malipo yanaingizwa bila kuelekezwa kwenye ankara. Haya, tena.

1. Kabla ya kugusa kibodi, jiulize pesa hii ni ya nani. Amana ya kazi ambayo haijafanywa bado ni mali ya mteja, kwa hiyo inakaa akaunti ya wateja, ile inayotunza pesa zao kando na za ofisi, na si mapato.

2. Kupokea malipo ni hatua moja. Kuyaelekeza kwenye ankara ni nyingine. Hapa ndipo mnapoungulia. Tarehe 29 mteja analipa ankara ya 90,000. Mpokeaji anaingiza kwa jina la mteja, hachagui jalada (faili la kazi ya mteja) wala ankara, anaenda chai. Programu hailalamiki: pesa inalala kwenye malipo yasiyoelekezwa, ankara inaendelea kudai. Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, unafanyika, ingizo linawekewa tiki, mwezi unafungwa. Tarehe 3 mwenzake anaona ankara haijalipwa na anajua mteja amelipa, basi anaingiza 90,000 nyingine na kuielekeza vizuri kabisa. Mwisho wa mwezi kuna ingizo lisilo na jozi benki. Moja lazima liondoke, na macho yote yanaliangalia lile lisilo na ankara, linaloonekana kama yatima. Linafutwa. Kumbe ndilo la kweli! Salio la kuanzia la usuluhisho linapungua 90,000, na lile la uongo limekaa kwenye ankara limejipamba.

Dawa, kabla ya kufuta chochote: ondoa lile la pili kwenye ankara, libatilishe ukiandika sababu, kisha elekeza la tarehe 29 kwenye ankara hiyo. Batilisha, usifute, kufuta kunaliondoa ingizo lenyewe vitabuni. Na kabla ya kuingiza chochote, tafuta kiasi na namba ya muamala kwenye yasiyoelekezwa. Ni nusu dakika, jamani.

3. Mteja mwenye majalada mawili: zima ule uelekezaji wa "ankara kongwe kwanza", fuata alichoandika yeye.

4. Malipo ya kadi yakikatwa ada ya 300 kwenye 10,000, ingiza 10,000 kamili na 300 iwe gharama ya ofisi. Ukiingiza 9,700, ankara inabaki na mkia.

5. Hundi ambayo benki haijaipitisha usiitolee malipo kutoka akaunti ya wateja. Ikirudi, umetumia pesa ya mteja mwingine. Salio la benki, daftari la akaunti ya wateja na jumla ya leja za wateja (hesabu ya kila mteja peke yake) vinaweza kulingana vyote huku leja moja ikiwa hasi, kwa hiyo pitia leja mojamoja.