Maswali ya Wasomaji: Harufu ya Majani Mabichi Hupimwaje?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Kila asubuhi hukata majani ya ng'ombe kwa mundu, na harufu yake hunifuata hadi nyumbani. Ikifika adhuhuri, yakishanyauka juani, siisikii tena. Mwanangu wa sekondari ananiambia kwamba wataalamu huipima. Je, hupimwaje, na harufu ikishatoweka hubaki nini cha kupima? Na karafuu zilizoanikwa jamvini nazo hupimwa vivyo hivyo? — Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Mwanao amesema kweli. Mundu unapopita, seli za jani hupasuka, na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, hukutana na mafuta yaliyomo katika utando wa seli hizo, vikayakata vipande vidogo vyenye atomi 6 za kaboni. Jambo hili huchukua sekunde chache tu, ndiyo maana harufu hukufikia ungali umeinama.

Wapimaji hufunika majani kwa kasha au mfuko mwangavu, wakavuta hewa ya ndani kwa mrija mwembamba hadi kwenye mashine. Mashine inayotumiwa sana ilibuniwa Innsbruck, Austria, katika miaka ya 1990. Ndani yake, molekuli za maji hubebeshwa protoni moja ya ziada, yaani chembe ndogo mno yenye chaji chanya ya umeme; naitrojeni na oksijeni hupita bila kuipokea, lakini molekuli nyingi za harufu huichukua, zikapata chaji ya umeme, kisha zikatenganishwa kwa uzani wake na kuhesabiwa. Hata molekuli moja miongoni mwa bilioni za hewa haipotei, na kwa kuwa hesabu huchukuliwa kila baada ya sekunde chache, pigo moja la mundu huonekana kwenye grafu kama kilima kilichochomoza ghafla. Upungufu wake ni kwamba molekuli mbili zenye uzani sawa huhesabiwa kuwa kitu kimoja, na hapo hulazimu kunasa hewa katika kijibomba chenye punje za kunyonya na kuichambua maabara.

Swali lako la pili ndilo zito, na nimefurahi kuona limetoka kwa mkata majani. Pua huzoea harufu ikaacha kuisikia, ilhali majani yanaponyauka huendelea kwa saa nyingi kutoa methanoli, asetaldehidi na asetoni, ambazo kwa uchache ule hatuzinusi kabisa. Kwa hiyo anayepima dakika za mwanzo na kufungasha vyombo vyake atakuwa ameacha sehemu kubwa ya hesabu, nayo ina maana, kwa sababu mivuke ya namna hii ikichanganyika na moshi wa magari chini ya jua huzalisha karibu na ardhi ozoni, gesi inayodhuru mapafu.

Karafuu nazo hupimwa, ila yujenoli, ambayo ndiyo harufu yake kuu, ni nzito na hung'ang'ania kuta za mrija. Mrija hupashwa moto na kupitishwa hewa safi kwa muda mrefu, la sivyo karafuu za jana zitahesabiwa ndani ya majani ya leo.