Kwa nini ketamini humwacha mtu macho wazi

Dada, umeuliza kwa nini mdogo wako, aliyeteleza pale Mwaloni Kirumba akavunjika mkono, alipewa dawa ya usingizi iitwayo ketamini akabaki macho wazi huku mboni zikichezacheza, ilhali bibi yenu alipopewa dayazepamu, dawa ya kutuliza, alisinzia kama kawaida.

Dawa hizo mbili hazigusi kipokezi kimoja, yaani sehemu ya seli ya ubongo inayopokea ishara za kikemikali. Dayazepamu hujishikiza kwenye kipokezi cha GABA-A, pembeni mwa mahali GABA yenyewe, kemikali ya ubongo inayotuliza seli, inapokaa, na kukifanya kifunguke mara nyingi zaidi ili ioni za kloridi ziingie ndani ya seli na kuituliza; pasipo GABA haina la kufanya. Hata kipokezi hicho kina aina zake: mwaka 1999 ilionekana kwamba panya waliobadilishwa kijenetiki sehemu ya kipokezi iitwayo alfa-1 hawakusinzishwa na dayazepamu, ingawa bado iliwapunguzia hofu.

Ketamini huziba vipokezi vya NMDA, vinavyopokea glutamati, kemikali inayoamsha seli za ubongo. Jambo muhimu, ambalo nasikitika wauguzi wengi hawapati nafasi ya kuwaeleza ndugu, ni kwamba kwa dozi ndogo inaelekea kuzidhoofisha kwanza seli zile zinazozuia nyingine, hivyo seli kubwa za gamba la ubongo hubaki zikifyatua ishara kwa wingi bila mpangilio. Macho yale hayamaanishi alikuwa akihisi maumivu; ubongo wake ulikuwa umetengwa na mwili, haukuwa umezimwa.