Shangazi, tumbo halijarudi. Je, ninyonywe mafuta?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, watoto watatu, wa mwisho ana miezi 7 na bado ananyonya. Mwili wangu si mnene, ila tumbo halijarudi. Nikijiinua kitandani linasimama katikati kama kigongo. Mwezi uliopita mume wangu aliniuliza mbele ya dada zake, "Kwani humo kuna mwingine?" Nimepata kliniki mtandaoni, wananyonya mafuta. Wanataka nitume laki tano ya kushika nafasi, niwe tayari kabla ya harusi ya wifi yangu Desemba. Inanifaa? – Mama Watatu, Tegeta*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikanasa kwenye hicho kigongo. Tumbo la mafuta matupu hukunjana mtu akijiinua. Likisimama katikati hivyo baada ya uzazi, mara nyingi ni misuli ya mbele iliyoachana wakati wa mimba na haijakutana tena. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza vidole juu na chini ya kitovu. Vikizama kwenye mfereji wa upana wa vidole viwili au zaidi, nenda ukamwone daktari.

Nakuambia hili kwanza kwa sababu mrija unaopitishwa chini ya ngozi kunyonya mafuta haushoni misuli. Utalipa mamilioni, uvumilie maumivu, na kigongo kibaki palepale. Tena huenda hapo pana ngiri ndogo ya kitovu usiyoijua. Mrija ukipita bila daktari kuichunguza, unaweza kutoboa utumbo. Misuli iliyoachana wengi huanza kuirudisha kwa mazoezi maalumu chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Isiporudi, upo upasuaji wake, nao ni mwingine kabisa.

Kunyonya mafuta humfaa mtu ambaye uzito wake umetulia kwa miezi, ngozi yake bado inavutika na kurudi, na ana sehemu chache tu zilizokataa mazoezi na mlo. Hutoa mafuta ya chini ya ngozi. Yale yanayozunguka utumbo na ini hayaguswi. Anayevuta sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au aliyewahi kuganda damu miguuni ana hatari kubwa zaidi. Wewe unanyonyesha, mwili wako bado unabadilika. Kama mnawaza mtoto wa nne, ngoja umzae kwanza.

Na Desemba iondoe kabisa kichwani. Baada ya upasuaji unavaa vazi la kubana kwa wiki kadhaa, na uvimbe huchukua miezi kuisha. Ungeingia harusini umevimba.

Hiyo laki tano, tafadhali usiitume. Mtu aliyekubali kukupasua kabla hajaligusa tumbo lako hajajua kama unafaa. Mwaka 2024 mama mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa aina hii, na mimi sijaisahau habari ile. Siku ukifikia hatua hiyo, uliza jina kamili la daktari, ulihakiki jina hilo kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, na uulize kama ni bingwa wa upasuaji rekebishi, yaani wa kurekebisha umbo la mwili. Uliza nani atakupa usingizi, na ukizidiwa usiku utalazwa wapi. Akikasirika kuulizwa, ondoka.

Sasa la mumeo. Uliniandikia kuhusu mafuta, lakini sentensi iliyoniuma ni ile ya mbele ya mawifi zako. Mwambie, mkiwa wawili na watoto wamelala, kwamba ilikuumiza na kwamba karibu utume laki tano kwa ajili yake. Kisha mkaribishe aende nawe kwa daktari, amsikie mwenyewe akieleza mimba tatu zimelifanya nini tumbo lako. Huenda hajui kabisa. Majibu ya daktari niandikie.